Milioni Moja na Tatu

Nchi yetu haina ukabila. Naanza na sentensi hiyo kwa sababu sheria inataka kila maandishi ya raia yaanze nayo, na mimi ni mtu wa kufuata sheria. Sina mtu mwingine wa kumfuata.

Zamani ukabila ulikuwepo. Ulikomeshwa siku ya Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, kwa tangazo la redio. Tuliambiwa kwamba kuanzia saa ile hakuna tena kabila, wala ukoo, wala jina la babu. Kila raia atapewa namba, na namba zote ni sawa mbele ya serikali. Watu walishangilia. Nasema kweli, walishangilia, maana tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kuuana na kila mtu alikuwa amechoka.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Mama alinishika mkono tukapanga foleni kwenye uwanja wa mpira pamoja na mji mzima. Mji wetu ulikuwa wa mwisho kuhesabiwa, kwa hiyo namba zilikuwa zimeshakuwa kubwa. Mama akapewa milioni moja na mbili. Mimi niliyekuwa nyuma yake nikapewa milioni moja na tatu. Karani alituandika mikononi kwa wino wa zambarau, na mama akanionyesha mkono wake akicheka.

"Ona, mwanangu, tumefuatana," akasema. "Hata tukipotezana, watajua tu huyu ni wa yule."

Namba moja kila mtu alijua itachukuliwa na Mtukufu, Kiongozi wetu wa Milele. Lakini yeye, kwa unyenyekevu wake, alikataa. Alisema yeye ni nani hata awe wa kwanza, akachukua sifuri. Wanawake walilia kwa kuguswa na magazeti yakaandika habari ya unyenyekevu ule kwa mwezi mzima. Faida ya sifuri tulikuja kuielewa baadaye.

* * *

Shida ilianzia kwenye misiba. Kabila limefutwa, ukoo umefutwa, sasa marehemu anazikwa na nani? Kijana akitaka kuoa, wazee wa kupeleka posa wanatoka wapi? Watu walikuwa wanakufa na majirani wanatazamana mlangoni, kila mmoja akiogopa kushika jeneza asije akashtakiwa kwa ukabila. Ndipo ikaundwa Wizara ya Undugu, na Waziri wake, Mheshimiwa Ndalilo, akasimama redioni kutusomea sheria mpya.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo undugu ni sayansi! Raia wawili ni ndugu iwapo ipo namba inayogawanya namba zao zote mbili bila kubakiza kitu. Sita na tisa ni ndugu, kwa sababu ya tatu. Kumi na ishirini na tano ni ndugu, kwa sababu ya tano. Hakuna damu hapa, hakuna mila, hakuna bibi wala babu. Ni kigawo tu!"

Mwandishi mmoja wa habari aliuliza: je, moja? Maana moja inagawanya kila namba. Mheshimiwa alimtazama kwa huruma. Akaeleza kwamba moja haihesabiwi, kwa kuwa ikihesabiwa watu wote watakuwa ndugu, na jambo hilo Wizara haikulitengea bajeti.

Basi nusu ya nchi ikaamka asubuhi ikiwa Watu wa Mbili, na mwaka huohuo wakashinda uchaguzi. Watu wa Tatu wakaanzisha timu ya mpira na benki. Watu wa Tano, ambao unawatambua kwa tarakimu ya mwisho tu, wakajiona wana sura nzuri kuliko wengine. Watu wa Saba walisema wao ni wachache kwa sababu wamechaguliwa. Haukupita muda mtu wa Mbili akawa hanunui nyama kwa mtu wa Tatu, isipokuwa muuzaji awe na sita ndani yake, hapo angalau kuna pa kuanzia mazungumzo. Walikuwepo pia wenye bahati, kama wale ambao namba zao zinagawanyika kwa thelathini. Hao kila msiba ni wao, kila harusi ni yao, wakanenepa vibaya sana. Lakini ukabila hatuna.

Na Mtukufu je? Sifuri, waheshimiwa wasomaji, hugawanyika kwa namba yoyote ile, na haibakizi kitu. Ukiigawa kwa mbili ni sawa, kwa saba ni sawa, kwa namba yangu mimi ni sawa. Kwa hiyo Mtukufu akawa ndugu wa kila mtu kwa mpigo mmoja. Tangu siku hiyo hotuba zake zote huanza: "Ndugu zangu, na nasema ndugu zangu kwa mujibu wa sheria."

Kuna jambo moja ambalo nadhani waliotunga sheria hawakuliona, ingawa mbunge mmoja alipouliza kama ni bahati mbaya, Mheshimiwa Ndalilo alimjibu kwa ukali kwamba Wizara haifanyi kitu kwa bahati mbaya. Jambo lenyewe ni hili. Namba mbili zinazofuatana haziwezi kuwa ndugu kamwe. Kinachogawanya ile ya kwanza kitabakiza moja kwenye ile ya pili, hata uende mbali kiasi gani. Sasa fikiria ni nani hufuatana kwenye foleni. Mume na mkewe hufuatana. Mama na mwanawe hufuatana, tena wameshikana mikono.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa. Milioni moja na mbili hugawanyika kwa mbili na kwa tatu, kwa hiyo watu walikuja wengi ajabu, kwa malori, na sikumjua hata mmoja. Walilia vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya ua, pamoja na wauza karanga, na mshereheshaji mwenye mkanda begani akaja kuniuliza mimi ni wa nani.

"Ni mama yangu," nikamwambia.

"Namba?"

Nikamtajia. Akagawa kichwani kidogo, akatikisa kichwa, akanipa mkono.

"Pole sana, jirani," akasema.

Hapo niliumia, na sina la kuchekesha la kuongeza. Nilisubiri mpaka malori yalipoondoka, nikaingia.

* * *

Huenda mtu akafikiri: sawa, mama hakuwa ndugu yake, lakini bila shaka wapo wengine. Hata mimi nilifikiri hivyo. Nilikwenda Wizarani kuomba kutafutiwa, nikapokelewa na Mgawanyaji Mwandamizi, Bwana Mkadamu, mtu mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutishia. Alikaa na namba yangu kwa siku kadhaa, nami nikikaa kwenye benchi la mbao mbele yake nikisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya damu.

"Kwa mbili hapana, hiyo ni witiri," akasema. "Kwa tatu, moja inabaki. Kwa tano hata sihangaiki. Kwa saba, nne zinabaki."

"Na kwa kumi na moja?"

"Nne zinabaki."

"Kumi na tatu?"

Akagawa, akakunja uso. "Nne tena. Una nini wewe na nne?"

Akajaribu thelathini na saba, zikabaki nne. Kwingine zikabaki kumi na mbili, kwingine kumi na nne, mahali pengine mia na ushee, lakini hakuna mahali ambapo hapakubaki kitu. Alipofika elfu moja aliweka kalamu chini. Nikamsihi aendelee, labda huko mbele. Akanieleza, kwa upole kidogo, kwamba hakuna haja. Namba kubwa kama yangu ikiwa na kigawo kilichozidi elfu, kigawo hicho lazima kiwe na mwenzake wa chini ya elfu, na huyo mwenzake tungekuwa tumeshakutana naye njiani. Nikaona kumbe hata vigawo vikubwa havitembei peke yao.

"Vitabu vya shule vinaiita namba tasa," alisema Bwana Mkadamu akinirudishia kadi. "Lakini Wizara haipendi lugha ya kuudhi. Sisi tunakuita Raia Anayejitegemea."

Akanigongea muhuri wenye neno hilo. Waliotujua walituita Masalia, kwa vile kila ukitugawa kuna kinachobaki.

Nimejitegemea basi. Nilijifunza kushona miavuli, kazi ambayo haihitaji mwenzako ashike upande wa pili. Nilimpenda binti mmoja aliyeitwa Mwatima, mtu wa Saba, mwenye kucheka kwa pua, ambaye kila mara alileta mwavuli uleule ukiwa umevunjika palepale. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anauvunja mwenyewe. Sasa, kwa sheria yetu ndugu hawaoani. Watu wa Mbili, nusu ya nchi, walikuwa wanatafuta wachumba kwa tochi. Mimi wanawake wote wa nchi hii walikuwa halali kwangu. Vijana walinionea wivu barabarani.

Ila posa haijipeleki. Inapelekwa na ndugu. Nilivaa koti, nikajipeleka mwenyewe kwa baba yake Mwatima, nikakaa kwenye mkeka.

"Karibu," akasema baba yake. "Wazee wako wanakuja saa ngapi?"

"Ndio mimi, baba."

"Na bwana harusi?"

"Ni mimi pia."

Walicheka mpaka wakaleta chai. Hawakuwa watu wabaya. Walinipa na kitumbua cha kuondokea. Mwatima aliolewa na mtu wa Kumi na Moja mwenye wajomba wengi, na mwavuli wake sikuuona tena.

* * *

Nilipovuka miaka hamsini nilipata ngiri. Daktari wa hospitali kuu, Dokta Basilisa, alinibonyeza akasema ni ya kukata, na kwamba nisikae nayo sana kwa sababu siku ikijisokota itaniua. Akaandika kila kitu, akaniuliza ndugu wa mgonjwa yuko wapi.

"Sina, dokta. Ninajitegemea."

Akaweka kalamu chini. Nimeshaona watu wengi wakiweka kalamu chini kwa ajili yangu.

"Baba yangu, siwezi kumlaza mtu asiye na ndugu. Nani ataweka sahihi? Nani ataleta uji? Na nikikuua, namkabidhi nani?"

Nikamwambia kwa mujibu wa sheria ninaye ndugu mmoja, Mtukufu Sifuri. Alitazama mlango kwanza, kisha akaninong'oneza kwamba kama ninaye, nikamlete.

Nilikwenda Ikulu. Askari wa getini alikuwa kijana mpole. Nilimweleza kwamba nimekuja kumwona ndugu yangu, nina mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni mimi.

"Sawa, mzee," akasema, "foleni ya ndugu ni ile pale."

Ilizunguka ukuta wa Ikulu na kuendelea. Mbele yangu palikuwa na mama mmoja aliyesema anangojea tangu mumewe akiwa hai. Niliuliza kama kuna yeyote aliyewahi kuingia. Wakanijibu kwamba Mtukufu anatupenda sana sote, tena kwa usawa, na ndiyo maana hawezi kutoka kwa ajili ya mmoja.

Nikarudi kwa Bwana Mkadamu. Alikuwa amezeeka, lakini namba yangu aliikumbuka.

"Milioni moja na tatu," akasema. "Nne zinabaki. Karibu ukae."

Nilimuuliza kama hesabu zimebadilika. Akasema hesabu hazibadiliki, ila watu wanaongezeka. Huko nyuma kwangu sina ndugu, hilo lilishamalizika. Lakini huko mbele? Namba yangu inagawanya maradufu yake. Atakapozaliwa raia wa milioni mbili na sita, namba yangu itamgawanya mtoto huyo mara mbili kamili, bila kubakiza kitu. Kwa mujibu wa sheria atakuwa ndugu yangu, na sheria haitaji umri. Kidole gumba cha mtoto mchanga kinatosha kwenye fomu ya hospitali.

"Tumefikia wapi?" nikauliza.

Akafungua dirisha, akamuuliza mtu wa chini, akarudi.

"Tuko kwenye milioni moja, laki tisa na tisini na tisa elfu. Vumilia, mzee. Ndugu yako yuko njiani."

Sijui niwaeleze vipi. Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani huku ngiri ikiniuma na mimi nikicheka. Mahali fulani katika nchi hii palikuwa na mwanamke mjamzito aliyembeba ndugu yangu na hakujua. Nilianza kuwapisha wajawazito wote barabarani. Nilijizoeza kusema "mwanangu", nikiwa peke yangu chumbani, na neno lilikuwa zito mdomoni kama chakula ambacho hujakila siku nyingi.

* * *

Namba za watoto hutolewa kwenye Kituo cha Namba, jengo lenye dirisha moja. Nikaanza kwenda kila siku, nikikaa kwenye ukuta mfupi upande wa pili, na Mkuu wa Kituo, Bwana Kigahe, akanizoea. Mtu huyu alikuwa na tumbo la watu wa thelathini na sauti ya mkutano wa hadhara hata akiagiza maji.

Ilipokaribia milioni mbili palikuwa na fujo. Namba ile nzuri, yenye mbili nyingi na tano nyingi, kila mke wa mkubwa aliitaka kwa mtoto wake. Wengine walikaa na mimba zao kwa hasira, wakikataa kujifungua kabla ya wakati kufika. Mwishowe ilichukuliwa na mjukuu wa Mheshimiwa Ndalilo, ambaye alikuwa na miaka saba na anasoma darasa la pili. Ilielezwa kwamba hakuna upendeleo, kwa kuwa alirudisha namba yake ya zamani, na raia yeyote anaweza kubadilisha iwapo atarudisha ya kwanza.

Kisha zikatoka milioni mbili na moja, ambayo ni ya Tatu, na milioni mbili na mbili, ambayo ni ya Mbili. Nikasimama ukutani. Zilibaki nne tu, na ya nne ni yangu.

Foleni ikasimama.

Iliyofuata ilikuwa milioni mbili na tatu, na kila mama wa mjini alikuwa ameshafanyiwa hesabu yake nyumbani. Haigawanyiki kwa kitu. Ni tasa, kama yangu. Basi ghafla kila mtu dirishani akawa mkarimu.

"Pita wewe, dada, mimi nimesahau kanga."

"Hapana, tangulia tu, wangu amelala, sitaki kumwamsha."

"Sisi hatuna haraka jamani, wapisheni wanaotoka mbali."

Mtoto asiye na namba hapati chanjo wala maziwa ya kliniki. Wiki zilipita, watoto wakaanza kukohoa, na bado hakuna aliyetaka kufika dirishani. Wizara ilituma bendi ya tarumbeta kuhamasisha. Bwana Kigahe alipandwa na presha. Ndipo akanikumbuka, akavuka barabara kuja kunishika bega.

"Mzee wangu, dawa ni wewe! Wewe ni Raia Anayejitegemea wa siku nyingi. Simama uwaambie akina mama hawa kwamba namba hii haina ubaya. Maneno machache tu. Foleni ikitembea, na wewe unapata unachokingojea. Au sio?"

Alijua ninachokingojea. Kila mtu pale kituoni alijua.

Nilipanda kwenye kreti la soda. Akina mama walinitazama, mamia yao, na watoto migongoni. Waliokuwa nyuma walikuwa wamesukumana na kupishana mpaka mtu wa mbele kabisa, dirishani, akawa msichana aliyetoka mbali na hakujua kwa nini watu wa mjini wana adabu namna ile. Jina lake la nyumbani lilikuwa Sikudhani. Alikuwa na mtoto wa kiume amefungwa kwenye kanga, anahema kwa sauti.

"Mimi ni milioni moja na tatu," nikasema kama nilivyofundishwa. "Nimeishi vizuri. Nimejitegemea. Hakuna kilichonipungukia."

Bwana Kigahe akapiga makofi peke yake.

"Shikamoo, baba," akasema Sikudhani. "Samahani nikuulize."

"Marahaba, mwanangu. Uliza."

"Ukiumwa, nani anakukorogea uji?"

Ningeweza kusema chochote. Ningesema jirani. Nilifungua mdomo, na nikaona namna alivyokuwa amemshika yule mtoto kisogo kwa kiganja chote, na nikashindwa.

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna, mwanangu. Nakoroga mwenyewe nikiweza kusimama. Nisipoweza nalala bila kula. Sikukuu nafunga mlango ili watu wadhani nimesafiri."

Mtoto mmoja akakohoa huko nyuma. Halafu foleni nzima ikapiga hatua moja kurudi, isipokuwa Sikudhani, ambaye mgongo wake ulikuwa umeshagota dirishani.

Bwana Kigahe akakasirika. Alisema ukarimu umekwisha, kuanzia sasa ni sheria, na aliye dirishani ndiye aliye zamu. Akamwita askari. Karani akachovya kalamu kwenye wino. Sikudhani alimfunika mtoto uso kwa pindo la kanga, kana kwamba namba ingekuja kama upepo.

Ningenyamaza tu pale. Kunyamaza ni kazi ninayoiweza. Mtoto yule angepewa, foleni ingetembea, na baada ya wawili tu ningekuwa na ndugu. Ningekatwa ngiri yangu, ningekuwa na mtu wa kuandika jina lake kwenye fomu, na hakuna ambaye angenilaumu, kwa sababu sikuwa nimefanya kitu. Na huyu mvulana naye angeanza kungojea maradufu yake, milioni nne na sita, na mimi najua kungojea kulivyo.

"Nipeni mimi hiyo," nikasema.

Hawakunisikia. Nikashuka kwenye kreti, nikaenda dirishani, nikarudia.

"Unayo namba, mzee," akasema karani.

"Nairudisha. Kama alivyorudisha mjukuu wa Mheshimiwa."

Bwana Kigahe alikimbia kwenye simu. Tulimsikia akisema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa, hapana mheshimiwa hajalewa. Aliporudi alikuwa ametulia, na kwa mara ya kwanza alizungumza na mimi kwa sauti ya mtu mmoja kwa mtu mmoja.

"Wanasema inaruhusiwa. Lakini ile ya kwanza ikirudishwa inafutwa, haipewi mtu tena. Umeelewa maana yake, mzee wangu? Huyo mtoto wako..."

"Nimeelewa."

"Tungeweza kumpa huyu dogo tu. Hajui chochote."

"Atajua," nikasema.

Serikali yetu ikitaka jambo haichelewi. Karani alikata milioni moja na tatu kwa mstari mmoja, akaniandika mkononi milioni mbili na tatu, kwa wino wa zambarau uleule wa siku zote. Iliwasha kidogo ilipokauka. Kisha akamgeukia Sikudhani, akampa mwanawe milioni mbili na nne, ambayo ni ya Mbili na ya Tatu kwa pamoja, na vigelegele vikapigwa mpaka barabarani. Alitaka kunibusu mkono. Hakuwahi, kwa sababu ndugu wapya wa mwanawe walikuwa wameshaleta gari, wakambeba yeye na mtoto na mabegi yake.

Milioni mbili na tano alipewa mtoto wa mwalimu.

Aliyefuata alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kanga mpya. Nilikuwa bado nimesimama kando ya dirisha. Nikamwomba nimwone mtoto. Akamfunua bila wasiwasi. Alikuwa msichana, amekunja ngumi, ana nywele nyingi zilizolala upande mmoja.

"Anaitwa nani nyumbani?"

"Somoe," akasema mama yake.

Karani akaandika milioni mbili na sita kwenye kijikono kile, kidogo mno hata tarakimu zikagusana. Kisha, kama kanuni inavyotaka, akasoma vigawo vya raia mpya kwa sauti. "Mbili. Na milioni moja na tatu."

"Wa Mbili nawajua, ni nusu ya nchi," akasema yule mama akicheka. "Na huyu wa pili ni nani?"

Karani akatazama, akafuatisha mstari kwa kidole.

"Hayupo," akasema. "Amefutwa leo."

"Maskini," akasema yule mama. Akamfunika Somoe, akamweka vizuri begani, kisha akanigeukia mimi kwa wema kabisa. "Na wewe, baba? Una mtoto wako hapa?"

Nilimwambia hapana, nilikuwa napita tu.